Siku ya Tatu Sikukubeba

Mama Muganga,

Sikufika kukuzika. Naanza na hilo kwa sababu wewe hukupenda mtu wa kuzunguka. Mama akija kituoni na mtoto mgongoni, akaanza kukueleza habari za shemeji yake na za mvua iliyobomoa choo, ulikuwa unamkata: "Anza na mutoto. Mutoto iko na nini?" Basi nami naanza na kinachoniuma. Walikupandisha kwenu Musienene ndani ya gari la parokia, wanakwaya wamejazana nyuma wakiimba, na mimi Kambale, niliyekubeba kwa pikipiki miaka minne, sikuwemo. Ndugu zako walinitafuta kwa macho pale kaburini hawakuniona. Tangu siku hiyo, wakitaja jina langu wanatema mate.

Miezi saba imepita. Nimekuandikia mara mbili nikachana. Hii sitaichana.

Kwanza nikupe habari. Kituo kimepata muuguzi mpya, kijana kutoka Butembo, anajua kazi lakini ni mpole mno, wamama wanamzidi maneno. Mwavuli wako bado umening'inia nyuma ya mlango, hakuna aliyethubutu kuutumia hata siku za mvua kubwa. Kasereka, motard mwenzangu wa pikipiki, hawezi tena kuendesha. Walimkata vidole vitatu vya mkono wa kushoto, na bila vidole huwezi kubana klachi. Anauza petroli kwenye chupa pale kwenye maegesho yetu, na kila asubuhi ananiwekea chupa yangu bila kunitazama.

Na Katungu, binti yako, alinitumia maneno kupitia katekista: "Ule mutu asiguse kaburi ya mama." Maneno mafupi kama yako.

Wanasema nilikuuza. Kuna sauti inatembea kwenye simu, sijui ni ya nani, mtu anaongea kwa kunong'ona kama anajua siri kubwa: yule motard aliyekuwa anambeba kila siku, siku ile peke yake hakumbeba, jiulizeni kwa nini. Mwezi uliopita nilipeleka abiria Butembo. Nikiwa nakunywa chai, vijana wakanitambua. Wakanitoa kwenye kiti kwa kola ya koti, wakanipiga mateke ya tumbo na ya mdomo, mmoja akaniuliza swali hilohilo kila anapopiga: "Kwa nini haukumubeba? Kwa nini haukumubeba?" Nilitema jino, Mama. Sikumjibu. Si kwamba nilikosa pumzi. Nilikosa uso.

Wewe ndiye wa kwanza kusikia jibu, ingawa ni wewe peke yako uliyekuwepo.

Unakumbuka tulivyojuana? Mwanangu alikuwa na miezi saba, anakohoa, mbavu zinapanda na kushuka. Niliingia kituoni kwako nikapiga meza kwa ngumi mpaka thermos yako ya chai ikaanguka. Nilitaka sindano. Nilitaka kitanda, chupa ya maji inayoning'inia, mrija, nilitaka kuona kazi inafanyika. Wewe uliokota thermos kwanza. Kisha ukamvua mtoto shati, ukaweka mezani kale ka saa kanakolia dakika ikiisha, ukaniambia: "Hesabu wee mwenyewe. Tumbo ikipanda, moja." Nikahesabu. Nilipofika thelathini nikaona nusu dakika imepita, nikasema inatosha, thelathini mara mbili ni sitini. Ulinipiga kwenye vidole kwa kalamu. "Hapana nusu! Mutoto hapumuake nusu. Dakika yote, na mutu asiseme."

Tulianza upya. Hamsini na nane. Ukanieleza kwamba kwa mtoto wa chini ya mwaka, hamsini na kuendelea ni ugonjwa wa mbavu, ule wanaouita nimonia, lakini kifua chake hakiingii ndani, ananyonya, hatapiki, hajalegea, basi atapona nyumbani. Ukanipa vidonge. Vidonge vitamu, vinayeyuka kwenye kijiko cha maji. Nilikutukana. Nilisema nimeleta mtoto anayekufa unanipa pipi. Ukasema: "Nusu ya dawa ni hii. Nusu ingine ni wee kurudi siku ya tatu niangalie."

Sikurudi. Mtoto alishapona, anacheka, nilikuwa na magunia ya kakao ya kupeleka. Saa nne ya siku ile ya tatu nikakuona unakuja kwenye maegesho kwa miguu, unachechemea kwa lile goti lako baya, mwavuli mkononi kama rungu. Ulinigombeza mbele ya motard wote mpaka wengine wakavua kofia. Halafu ukapanda nyuma yangu bila kuuliza, ukasema twende kwangu kwa mtoto. Toka siku hiyo ukawa abiria wangu, na shokamzoba za pikipiki yangu zikaanza kulia. Nilikuwa nakuambia, Mama, wewe na thermos yako ni watu watatu. Ulikuwa unanipiga mgongoni na mwavuli, unacheka.

Ndiyo ilikuwa kazi yetu. Mama wa mtoto asipoonekana siku ya tatu kabla ya saa nne, sisi tunakwenda. Tumekwenda kwenye mashamba, kwenye nyumba za turubai za waliokimbia vijiji, mahali ambapo wanajeshi walituzuia na wewe ukawauliza kama watoto wao wamechanjwa. Kale ka saa nilikaweka mimi mfukoni mwa koti, kwa sababu wewe ulishakapoteza mara mbili. Ulinifundisha kuangalia shimo chini ya mbavu. Ulinifundisha kumngoja mtoto aache kulia kabla ya kuhesabu. Kitu kimoja hukufaulu kunifundisha, nacho ni kuizuia mikono yangu.

Sasa nafika Jumatatu ile.

Bibi yule tunayemwita Mukaka alikuja na mjukuu wake Neema, wa miezi minane. Ulimjua, alikuwa amekimbia kijiji chake na watoto watano. Binti yake, mama wa Neema, alibaki njiani, amekatwa na watu wa mapanga pamoja na wengine kwenye shamba la muhogo, na Mukaka alimfungua mtoto kutoka mgongoni mwa maiti akaendelea kukimbia. Ulihesabu hamsini na sita. Kifua kilikuwa sawa, anakunywa uji vizuri. Ukatoa karatasi ya vidonge kumi: kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku tano. Cha kwanza ulimnywesha palepale mbele yako. Ukamwambia Mukaka Jumatano arudi.

Jumanne ndiyo siku niliyofanya ujinga wangu. Alikuja msichana mmoja, mama mdogo, mtoto wake amelegea, na kumbe siku ya tatu yake ilikuwa imepita bila kuja. Ulikuwa ndani unaandika karatasi ya kumpeleka hospitali. Mimi nilikuwa nje. Nilimkamata mikono miwili nikamtikisa mpaka kitenge kikaanguka. Nilipiga kelele, "Unataka kuua mutoto? Unataka kumuua?" Kichwa chake kikagonga ukuta. Kiligonga kweli, Mama, nilisikia. Wewe ukatoka, ukanizaba kofi mbele ya foleni yote ya wamama na mbele ya motard wenzangu. Ukaniambia nimwombe msamaha. Nikamwomba, lakini nimeuma meno, na kila mtu aliona nimeuma meno.

Asubuhi ya Jumatano saa nne Mukaka hakuwa ameonekana. Ulitoka na thermos na mwavuli, ukaja kwenye pikipiki yangu kama kawaida, kama vile kofi lile lilikuwa la mtu mwingine. Nikakuambia, "Tafuta mwenye haujapiga." Ukacheka. Ukasema, "Kambale, panda, hasira itakuishia njiani." Nikapiga kiki nikaondoka kwenda kuchukua gunia la kakao la mtu.

Hilo ndilo jibu. Halina kitu kingine ndani yake. Sikujua lolote, sikumwona mtu msituni, hakuna aliyenionya. Wanaponipiga wakidhani nilijua, wananipa ukubwa ambao sina. Ningependa hata ningekuwa nimeogopa, maana mwoga anaeleweka, barabara ile ya mikakao ya kwenda kwa Mukaka kila mtu anaiogopa. Mimi nilikuwa nimenuna. Nilinuna kama mtoto aliyenyimwa nyama, na wewe ukapanda kwa Kasereka.

Kasereka alinieleza mara moja tu, na mkono wake umefungwa bendeji, na hajarudia tena. Walitokea kwenye mikakao pande zote mbili za njia, wana mapanga, wawili wana bunduki, wengine nguo za kijeshi juu na kaptula chini. Walimkata mkono alipoinua kujikinga. Pikipiki ikaanguka. Ulimwambia akimbie, akakimbia, wewe goti halikukubali. Anasema alipokuwa anaingia ndani ya mikakao alikusikia nyuma yake unawagombeza. Kwa sauti ileile, anasema, ya kugombeza wamama waliochelewa. Kisha hakukusikia tena.

Nilikwenda na wanajeshi kukuchukua. Sitaandika nilichokiona. Nitaandika tu kwamba thermos ilikuwa nzima, na chai ndani bado ya moto, na mimi niliichukua nikaipiga kwenye mti wa mkakao mpaka ikawa vipande, kisha nikaupiga mti wenyewe kwa mikono, na mwanajeshi mmoja akanishika kiuno akisema kwa Kilingala, "Yaya, tika, tika," kaka, acha, acha. Saa ya kuhesabia pumzi ilikuwa mfukoni mwangu muda wote. Ulikwenda kumpima mtoto bila saa.

Alhamisi tukakaa kwenye matanga yako hapa Beni, tunangoja sanduku likamilike na gari la kukupeleka kwenu. Mchana ile sauti ya kwanza ikaingia kwenye simu. Si hii ya kunitaja mimi, ile nyingine ya kwanza: kwamba nyumba uliyokuwa unaiendea ni ya wapelelezi, kwamba wakimbizi wale ndio wanaowaita wauaji, kwamba Mukaka alikaa kimya makusudi siku ya tatu ili utoke uende kuchinjwa. Ilisikika kwenye simu moja, kisha kumi, kisha uwanja mzima. Wamama wakaanza kulia upya, kilio kingine, chenye meno. Mtu akauliza nyumba iko wapi.

Mimi ndiye niliyejibu. Niliijua njia. Nilifungua mpira wa petroli wa pikipiki yangu nikajaza chupa, na nilipotoka mbele na pikipiki walinifuata wote, vijana, wazee wawili wa kanisa, mwanamke mmoja ana mchi mkononi. Sitakudanganya kwamba moyo wangu ulisitasita. Njiani nilijisikia vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano nilijisikia vizuri, kwa sababu nilikuwa nimepata mtu mwingine wa kumtupia.

Nyumba ni mbao na turubai, pembeni mwa mikakao. Tulipofika mawe yakaanza kuruka. Nilivunja mlango kwa teke. Mukaka alikuwa ameketi chini, damu inamtoka kwenye paji la uso, jiwe lilipenya dirishani. Watoto wanne wamejibana nyuma yake. Neema alikuwa magotini pake. Nyuma yangu wanapiga kelele, "Choma! Choma bo ndani!" Na mimi nimeinua chupa, Mama. Nimeitoa kizibo. Mwanaume mmoja alikuwa ameshawasha kiberiti.

Nilisikia kabla ya kuona. Kile kisauti. Unakijua, ulinifundisha wewe, mtoto anapotoa pumzi huku anaguna, kama mtu mzima anayebeba gunia zito. Katikati ya kelele zote zile nilikisikia hicho tu. Na mkono wangu ukaweka chupa chini. Sikuuagiza. Uliweka chupa chini, ukaingia mfukoni, ukatoka na saa.

Nikageuka nikanguruma kwa nguvu zangu zote, "Mutu asiseme! Dakika moja! Mutu asiseme!"

Wakanyamaza. Sijui kwa nini. Labda ni sauti yangu, labda waliona kitu mkononi wakadhani ni bomu, labda miaka yote ile nusu yao wamesimama kwenye foleni yako na wanajua kabisa dakika ile ni ya nini. Nilipiga magoti, nikampandisha Neema shati, nikabonyeza. Chini ya mbavu palikuwa shimo, kila pumzi nyama inaingia ndani mpaka unaona mfupa. Nilihesabu kwa sauti ndogo. Nusu ilipofika ningeweza kuacha, shimo lile peke yake lilitosha, wewe mwenyewe ungeshasema hospitali. Sikuacha. Nilikuwa naogopa dakika ikiisha watarudi kuwa wao, na mimi nitarudi kuwa mimi. Hakuna aliyekohoa. Kiberiti kilizimika chenyewe kwenye vidole vya yule mwanaume.

Saa ikalia. Watu wakashtuka, na nyuma kabisa mtu akauliza polepole, "Ngapi?"

"Sabini na mbili," nikasema. "Anaenda hospitali."

Walinipisha. Yule mwanamke mwenye mchi ndiye aliyefunga Neema kifuani kwa Mukaka kwa kitenge chake mwenyewe, na jirani mmoja akawachukua wale wanne. Tulitoka mbio kwa pikipiki, Mukaka amenishika kiunoni, damu yake inaloa koti langu mgongoni. Nilidhani nimewashinda. Jioni nikapata habari kwamba kulikuwa na wengine waliochelewa kufika, ambao hawakuisikia ile dakika. Walikuta nyumba iko wazi. Walikuta na chupa ya petroli mlangoni, imefunguliwa tayari. Nyumba ya Mukaka iliungua kwa petroli yangu, Mama, blanketi zote na nguo za yule binti aliyekufa, kila kitu.

Hospitalini walimwekea Neema oksijeni na sindano. Mrija ulikuwa unatoka kila akigeuka, muuguzi ana watoto wengi, kwa hiyo mimi nikaushika. Ijumaa asubuhi nikiwa nimeushika, gari lako likapanda Musienene. Nilisikia honi za motard waliokusindikiza zikipita barabarani. Ningeweza kumwachia mtu mrija. Nilijiambia wewe ungekasirika nikiuacha, na hiyo ni kweli, lakini si kweli yote. Sikuwa na ujasiri wa kusimama mbele ya sanduku.

Na ni pale kwenye benchi Mukaka aliponieleza vile vidonge.

Jumatatu alipofika nyumbani, watoto wale wengine wanne nao walikuwa wanakohoa, mafua tu ya baridi. Walikuwa wanaitazama ile karatasi ya vidonge. Neema alishakunywa kimoja kwako, vimebaki tisa. Mukaka akampa kingine kimoja, na wale wanne akawapa viwili viwili. Kila mtoto vidonge viwili. Alinieleza kwa heshima kabisa, bila kuficha, kama mtu anayeonyesha kazi yake nzuri: "Nilibagawia bote sawasawa. Ningepa moja namna gani, na benzake banaangalia?" Ndivyo anavyogawa maharage, ndivyo anavyogawa blanketi. Kwa nyumba ya watu waliokimbia, kumpa mmoja na kuwanyima wanne ni kuanza vita. Jumatatu jioni dawa ilikuwa imekwisha.

Nilisimama. Ngumi zilikuwa zimejifunga zenyewe. Nikamwuliza, sasa kwa nini hukurudi Jumatano? Ungesema tu imekwisha, Mama Muganga angekupa nyingine, angepiga kelele kidogo akakupa nyingine.

Alinitazama ngumi. Si uso, ngumi. Akasema, "Jumanne jioni balinielezea. Kama haukufuata vizuri, ule wa pikipiki anakupigisha kichwa kwa ukuta. Niliogopa wee."

Nimekaa na sentensi hiyo miezi saba. Hakuogopa wauaji, Mama, waliokuwa mita chache kutoka mlango wake. Aliniogopa mimi. Angekuja mwenyewe Jumatano asubuhi kwa miguu, mtoto mgongoni, na wewe ungebaki kwenye kiti chako unakunywa chai. Nilikuua mara mbili: Jumanne nilipomfungia Mukaka njia ya kuja, na Jumatano nilipokuacha upande pikipiki nyingine. Wale wa mapanga walifika wa tatu. Nawachukia, nikiwapata nitafanya mambo ambayo hutapenda, na bado najua walifika wa tatu.

Nilitoka nje ya hospitali nikavaa kofia yangu ya pikipiki, nikafunga kioo, nikapiga kelele humo ndani mpaka masikio yakauma. Siku hizi ndivyo ninavyofanya. Ikipanda, navaa kofia. Watu wanadhani nimeharibika kichwa.

Neema alikaa siku tisa akatoka. Sasa ameshika ukuta, anatembea kwa kuiba. Mukaka na watoto wake wote watano wanaishi kwangu, kwenye vile vyumba viwili vya nyuma nilivyokuwa nataka kupangisha. Nilimwambia petroli ilikuwa yangu. Jioni ya siku ile akaleta sahani ya sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, akaiweka mbele yangu. Bado anashtuka nikiinua sauti. Vidonge vya mtoto yeyote anavifunga kwenye pindo la kitenge chake, fundo moja kwa mtoto mmoja, na hata mwenyekiti wa mtaa hawezi kumwambia afungue. Wakikohoa wote watano anawapanga foleni mlangoni kwangu niwahesabu mmoja mmoja.

Maana nahesabu, Mama. Yule muuguzi mpole alinipeleka kwenye mafunzo, nimepewa karatasi na fulana ya wahudumu wa mtaa, kubwa kama gunia. Siku ya tatu nakwenda mimi, kwa wale wasioonekana. Barabara ile ya mikakao siipiti bila kuomba, na mara nyingine naomba kwa matusi. Mama akiniambia amesahau, amegawa, amempa mbuzi, mkono unaniwasha mpaka begani. Naiweka mikono nyuma ya mgongo kama mfungwa. Sijamgusa hata mmoja.

Kesho nakuja Musienene. Asubuhi nina mtoto mmoja wa siku ya tatu hapa karibu na soko, nikimaliza naanza safari, nipite Butembo bila kushuka kunywa chai. Nimemtuma katekista kwa Katungu na kwa ndugu zako, wanajua nakuja. Wamejibu nije, hawakusema nitarudije. Mukaka anataka kuja pia, amesema atapanda nyuma na mimi sina la kusema. Nitamwambia Katungu yote: ukuta, kofi, kununa, chupa ya petroli. Najua mikono ya kwenu ni mizito, najua mawe ya mlima hayako mbali na makaburi. Kama watanipiga, sitainua mkono kujikinga.

Sikuomba waniahidi kitu. Niliomba kimoja tu: nikifika, kabla mtu hajanigusa, wanipe dakika moja na mtu asiseme. Nitaiweka ile saa juu ya kaburi lako, nitabonyeza, na nitaanza na kinachoniuma, kama ulivyotaka watu waanze.

Pumzisha goti, Mama Muganga. Huko juu kuna baridi, lakini hakuna anayekukimbiza tena, na hakuna wa kukuambia utafute mwingine. Nakuahidi dakika yote. Sitasema nusu halafu nizidishe.

Kambale,
yule wa pikipiki